Nina siku moja tu Charleston na mama yangu wa Ujiji, nianzie wapi: bustani, kinamasi au vibanda vya watumwa?

Binti_Ujiji:

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri kwa yeyote aliyewahi kufika Charleston, South Carolina, kule Marekani ya kusini, au hata kama hujafika ila ile historia unaijua.

Iko hivi, dada yangu anaishi Charlotte, ametualika mimi na mama na mwanangu wa miaka 11, viza zimetoka alhamdulillah, tunaondoka Kigoma mwishoni mwa mwezi wa tatu. Dada kazini kwake kapewa likizo ndogo kwa hiyo kasema atatupeleka Charleston tulale Mount Pleasant, lakini siku ya kuzunguka hasa ni moja tu. Nimeingia intaneti nikakuta mashamba ya zamani ya mabwana mengi mpaka nimechanganyikiwa, kuna Magnolia, Middleton Place, Drayton Hall, Boone Hall, McLeod, na kila moja linajinadi kwamba ndilo zuri. Bustani zina maua ya kila rangi, kuna kinamasi chenye mamba na ndege, na hiyo Boone Hall ina njia ya mialoni iliyopandwa 1743 (mialoni namaanisha miti, sio mwaloni wa Kibirizi tunaponunulia dagaa), matawi yamekutana juu kama paa na yananing'inia kitu kama ndevu za kijivu. Nilipoiona tu nikakumbuka miembe yetu ya njia ya Ujiji.

Shida ni mama. Nilimwonyesha zile picha kwenye simu, akaangalia akauliza, hapa nani alikuwa analima? Nikamwambia watumwa. Akanirudishia simu yangu. Jioni tumekaa uani tunachambua dagaa akasema, "Mimi nitoe hela nikatazame maua ya mtu aliyetesa watu?" akanyamaza, na mimi nikakosa la kujibu.

Wa Ujiji mtanielewa. Sisi ni Wamanyema, na kwetu haya mambo hayasemwi. Bibi yake mama aliletwa mtoto mdogo kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, hilo nimelijua kwa kusikia wakubwa wakiongea wakidhani nimelala, mama mwenyewe hajawahi kunieleza hata siku moja na jina la huyo bibi silijui.

Sasa nauliza, kweli niende huko au nimpeleke tu baharini tule samaki turudi? Na kama ni kwenda niende wapi kwa siku moja, mama ana miaka 68 na goti linamsumbua, mtoto yeye anachotaka ni mamba tu. Na hao mamba wako salama kweli au ndio tutarudi na kilio?

---

Mwana_wa_Cheyo:

Mwangaluka dada. Mimi ni wa Tabora, nilisoma Charleston miaka mitatu, hayo mashamba yote uliyotaja nimefika, mengine zaidi ya mara moja kwa sababu kila mgeni aliyekuja kwangu nilimpeleka. Ngoja nikueleze vizuri maana mtu akienda kichwa kichwa anarudi na picha za maua basi.

Kwanza jiografia. Drayton Hall, Magnolia na Middleton Place ziko kwenye barabara moja, inaitwa Ashley River Road, zinafuatana pembeni ya mto Ashley. Boone Hall iko upande mwingine kabisa, Mount Pleasant mnakolala. McLeod iko James Island. Kwa hiyo usijaribu kuzimaliza zote, utashinda kwenye gari. Chagua mbili za barabara moja. Mimi ningekushauri Magnolia asubuhi, Middleton mchana.

Magnolia ilianza 1676 na ukoo wa Drayton, bustani yake ilifunguliwa kwa wageni baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, maana watumwa walikuwa wameshakuwa huru na mwenye shamba hana tena wa kumlimia bure, ikabidi atafute hela kwa kiingilio. Maua ya azalia yanachanua mwishoni mwa mwezi wa tatu na wa nne, kwa hiyo mmepatia msimu. Na kuna kigari kama treni ndogo kinazungusha watu kwenye madimbwi na majaruba ya zamani, mama hatatembea sana.

Lakini dada nisikilize kwenye hili. USIANZIE KWENYE MAUA. Pale Magnolia kuna vibanda vya mbao walimoishi watumwa, vimejengwa karibu 1850, na baada ya uhuru vikaendelea kukaliwa na watu weusi wafanyakazi wa bustani mpaka ndani ya karne ya 20. Kuna mtu anawaketisha wageni pale na kuwaeleza. Anzia hapo. Mimi mara ya kwanza nilianzia bustanini, nikapiga picha kama mia, nikafika vibandani jioni nimechoka nikasikiliza nusu nikaondoka, na usiku nilijisikia vibaya sana. Mara ya pili nikageuza, vibanda kwanza. Halafu nilipoingia bustanini kila tuta nililoliona nilikuwa nauliza nani alibeba huu udongo. Bustani ni ile ile ila mtu unakuwa umebadilika.

Middleton sasa. Bustani ilianza 1741, imekatwa ngazi ngazi za nyasi zinashuka mpaka mtoni, chini kuna maziwa mawili yaliyochimbwa kwa umbo la mabawa ya kipepeo. Yamechimbwa kwa majembe na mikono. Inasemekana watu mia moja walifanya kazi miaka kumi kuitengeneza. Arthur Middleton wa ukoo huo alisaini Azimio la Uhuru wa Marekani 1776, lile linalosema binadamu wote wameumbwa sawa, na nyumbani kwake wako watu anawamiliki. Nyumba kubwa ilichomwa na wanajeshi wa Kaskazini 1865, tetemeko la 1886 likaangusha magofu, ikabaki nyumba moja ya pembeni. Kuna kibanda wanakiita nyumba ya Eliza, mle ndani ukutani wameandika majina ya watu waliomilikiwa na ukoo huo, ni zaidi ya elfu mbili. Mpeleke mama hapo, hata kama goti linauma nendeni polepole.

Chakula usihofu. Wana wali na kunde wanauita hoppin' john, mama atakitambua kabisa, ila ulizeni kwanza maana mara nyingi wanaupika na nyama ya nguruwe. Na wana biskuti nyembamba za ufuta, ufuta wao wanauita benne, jina lililotoka Afrika Magharibi na watu waliobebwa. Bebeni dawa ya mbu na ya visubi, vile vya Charleston havionekani ila unavisikia.

---

Gungu_Halisi:

Mimi nitatofautiana na mkuu hapo juu. Magnolia mpaka leo iko mikononi mwa ukoo ule ule. Mama yako ameuliza swali la haki kabisa, hela yangu inaenda kwa nani? Kama ni hivyo nendeni McLeod, ile inaendeshwa na idara ya hifadhi ya kaunti yaani mali ya umma, ilifunguliwa kwa wageni 2015 na tangu siku ya kwanza wanaeleza habari za waliolima pamba, sio za samani za bwana. Na wakati wa vita askari weusi wa Massachusetts waliwahi kupiga kambi pale. Kuna jengo la kuchambulia pamba, watu wa Tabora na Shinyanga wangesema jineri, lina matofali yenye alama za vidole vidogo, vidole vya watoto waliogeuza matofali yakiwa mabichi. Mimi nilifika na mwanangu, akaweka kidole chake pale kikaenea. Sikuweza kuongea mpaka tunafika kwenye gari.

Na kama mna saa mbili za ziada mjini kuna makumbusho ya Waamerika Weusi, International African American Museum, imefunguliwa 2023 pale pale kwenye gati ya Gadsden waliposhushiwa watu kutoka melini. Hapo hela haiumi.

---

Binti_Ujiji:

Ahsanteni sana kaka zangu. Hiyo ya vidole imeniliza. Nimemsomea mama, akauliza "watoto wa umri gani?" halafu akaniambia nimsomee tena. Naona kama anaanza kulegea. Endeleeni kushauri jamani, na mamba hamjanijibu.

---

Malagarasi_Mto:

Mamba nakujibu mimi dada, nimezaliwa Ilagala mto Malagarasi unapita nyuma ya nyumba, mamba kwetu ni habari ya msiba, na huko South Carolina na Georgia nimeenda mara mbili kwa kazi za ardhi oevu.

Yule wa kule anaitwa aligeta, sio mamba wetu. Pua yake pana na duara kama beleshi, wa kwetu pua imechongoka. Aligeta akifunga mdomo meno ya chini huyaoni, mamba wetu lile jino kubwa la chini linabaki nje. Na tabia ni tofauti, mamba wetu anawinda mtu, aligeta kwa kawaida anakuacha ukimwacha. Lakini ni mnyama mkubwa mwenye nguvu kwa hiyo mtoto asikae ukingoni mwa maji, asirushe jiwe, na kumlisha ni kosa la jinai kwenye hilo jimbo, kwa sababu akishazoea kupewa chakula anaanza kumfuata binadamu na mwisho wake anauawa. Kaeni mbali naye hatua kama ishirini na kitu. Walikaribia kuisha kwa kuwindwa ngozi, wakalindwa, na 1987 wakatolewa kwenye orodha ya walio hatarini, sasa wamejaa. Mwezi wa nne jua likitoka wanapanda kuota, mtamwona tu.

Sasa mimi nataka niseme kitu kuhusu hicho kinamasi maana watu wanakipita haraka. Pale Magnolia kinaitwa Audubon Swamp Garden, ni kama eka 60. Maji meusi, sio machafu, ni rangi ya majani na magome kama chai ya rangi iliyokolea. Miti ya saipresi imesimama ndani ya maji na mizizi yake inatoa vitu kama magoti vinachomoza juu. Juu ya maji kuna magugu madogo madogo ya kijani, utadhani mtu kamwaga unga wa mlonge dimbwi zima. Mwezi wa nne yangeyange na korongo wanataga humo, kelele za makinda unazisikia kabla hujafika. Yupo ndege shingo ndefu anazamia halafu anasimama juu ya gogo kaanika mabawa, ni ndugu kabisa na mbizi wetu wa Malagarasi.

Lakini hicho kinamasi kilikuwa bwawa! Kilikuwa ni hifadhi ya maji ya kumwagilia mpunga, kingo zake zilijengwa na watumwa. Kile watu wanachokwenda kuangalia wanasema hapa ni asili tupu, ni kazi ya mikono ya watu. Mimi niliposikia hilo nilisimama kwenye tuta nikaangalia miguuni. Kwetu kinamasi cha Malagarasi na Moyowosi ni Mungu mwenyewe na mito, eneo la hekta milioni 3 na zaidi, liliingizwa kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 2000 na lilikuwa la kwanza Tanzania. Nzohe, wale swala wa majini, wako mle kwenye mafunjo, na yule korongo mwenye mdomo kama kiatu ambaye wazungu wanauza nyumba waje kumwona. Sisi tunapita juu yake na treni usiku tumelala.

---

Mzee wa Kwihara:

Marahaba kwa walionisalimu, na wewe binti marahaba. Nimesoma yote. Mimi nimewatembeza wageni Tembe la Livingstone, ile nyumba aliyokaa mpelelezi wa Kizungu, hapa Kwihara nje kidogo ya Tabora miaka mingi, huko Marekani sijafika, lakini wageni weusi wa kutoka Carolina nimewapokea hapa na tumekaa chini ya mti tukaongea mpaka jua limezama.

Huyo Malagarasi kasema bwawa, mimi naongeza mpunga. Watu wa Carolina walitajirika kwa mpunga kabla hawajatajirika kwa pamba. Wazungu waliofika pale hawakuwa wakulima wa mpunga, waliojua ni watu wa Senegambia, Sierra Leone na ukanda ule, ambao kwao walikuwa wanalima mpunga kwenye mikoko na mabonde karne na karne. Ndio wakaufyeka msitu wa saipresi ndani ya maji, wakainua matuta, wakaweka milango ya mbao ya kufungulia na kufungia maji, mto ukijaa wanafungua, ukipwa wanafunga. Wewe mtu wa Tabora unajua jaruba, unajua kazi ya kuinua kingo kwa jembe tope likiwa kwenye magoti. Sasa fikiria jaruba hizo maili na maili, na nyoka, na malaria. Kila mtu anapimiwa ngwe yake ya siku, robo eka kwa kawaida, akimaliza ndio anapata muda wa kulima bustani yake ya mboga. Kiangazi mabwana walikuwa wanakimbia homa wanahamia mjini kwenye upepo wa bahari, mashambani wanabaki weusi watupu na wasimamizi wachache. Ndio maana lugha yao Gullah imebaki mpaka leo na maneno ya Afrika ndani yake, kula wanasema nyam.

Na mama yako mwambie hivi kutoka kwangu. Hatendi kosa kuona uchungu. Lakini sisi wa njia ya kati ya misafara tuna deni letu. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200 na njia yote ina miembe, watoto wetu wanakula embe hawaulizi. Meno ya tembo na watu vilipita hapa. Wengine walifika Unguja na Pemba kulima karafuu, wengi walibaki hapa hapa Tabora na Ujiji majumbani na mashambani. Soko la Unguja lilifungwa 1873 lakini huku bara utumwa ulikufa polepole, sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika imekuja 1922 chini ya Waingereza. Hiyo ni juzi. Wazee waliowahi kuwa watumwa mimi baba yangu aliwajua kwa sura.

Wageni wangu wa Carolina waliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu. Waliniuliza majina yako wapi? Kwao bwana alikuwa anaandika daftari, huyu kanunuliwa, huyu kazaliwa, kwa sababu alikuwa anahesabu mali, na ile ile dhambi ya kuwahesabu kama ng'ombe leo ndiyo imewapa wajukuu majina. Hapa kwetu daftari halikuwepo. Majina yalibaki vinywani, na vinywa vimefungwa kwa aibu, maana kumwambia mtu bibi yako alikuwa mjakazi ni tusi mpaka leo. Kila mzee mmoja akifa Ujiji anazikwa na majina matatu manne. Mimi nimewaonyesha watu tembe, nimewaonyesha mlango na samani na ramani ya Livingstone, ya wapagazi na watumwa waliolala nje ya ukuta ule sina hata moja la kuwatajia.

Mpeleke mama Middleton akayaone yale majina.

---

Kibirizi_Laivu:

Mzee heshima yako. Nimepiga skrini nimemtumia baba yangu.

---

Binti_Ujiji (mrejesho):

Wakuu nimerudi, tuko Kigoma wiki ya pili sasa. Niliahidi mrejesho na nimechelewa kwa sababu kila nikitaka kuandika nashindwa nianzie wapi.

Tulikwenda Magnolia asubuhi kisha Middleton. Gungu_Halisi nisamehe kaka, McLeod hatukufika, muda ulitubana na goti la mama lilivimba, dada yangu kaahidi ataenda na atanipigia laivu nione hivyo vidole. Tulianzia vibandani kama mlivyosema. Ni vidogo, mbao zimepakwa chokaa, chumba na mahali pa moto basi. Mama hakuingia kwanza. Alisimama mlangoni kaweka kiganja kwenye mhimili wa mlango, pale ambapo mbao imelika ikawa laini kwa kushikwa na mikono, akawa anapasugua na kidole gumba taratibu. Halafu akamwambia dada muulize huyu baba, walikuwa wanapika ndani au nje? Yule mwelezaji akasema ndani na nje, kiangazi nje. Mama akatikisa kichwa akaingia akakaa kwenye kibenchi, akasikiliza mpaka mwisho dada anamtafsiria sikioni. Nilitegemea atalia, hakulia.

Kile kigari kilitusaidia sana. Mwanangu kamwona aligeta, kwanza mmoja kalala juu ya ubao uliowekwa dimbwini, na kobe wa maji wamepandana mgongoni kama sahani, halafu kwenye kinamasi tukaona mwingine mkubwa katulia macho tu yanaonekana kwenye yale magugu ya kijani. Malagarasi_Mto ulichosema cha makinda ni kweli tupu, kelele ilikuwa kama soko la Mwanga asubuhi, yangeyange weupe wamejaa mitini. Mama alitembea kipande kidogo tu cha lile tuta. Nikamwambia mama, hapa unaposimama pamejengwa. Akaangalia urefu wa tuta mpaka linapoishia kwenye miti, akauliza kwa jembe? Nikasema kwa jembe. Akasema "Pole zao." Akasema tena kwa sauti kubwa kidogo kama vile anamwambia mtu aliye ng'ambo ya maji, poleni sana.

Maua tuliyaona. Ni mazuri jamani sitasema uongo, azalia za waridi na nyeupe zimeinamia maji mpaka zinajiona. Mama kayaangalia kayasifu na mkono wa aliyeyapanda akausifu.

Middleton tulifika saa nane, jua kali. Zile ngazi za nyasi mama kaziona kwa juu tu, akakaa kwenye benchi anaangalia mto. Tukamshika mkono mpaka nyumba ya Eliza. Ule ukuta wa majina siwezi kuueleza. Majina mengi ni moja moja, hakuna la baba hakuna la ukoo, mistari na mistari. Dada akaanza kuyasoma, mama akawa anarudia kila moja kwa matamshi yake ya Ujiji, watu wengine waliokuwa mle wakatupisha. Tulisoma labda dakika ishirini. Kuna mzee mmoja mweusi alikuwa na fimbo, alivua kofia akasimama na sisi, hatukuelewana lugha lakini kila mama akirudia jina yeye anaitikia kwa kichwa.

Tulipofika kwenye gari mama akawa hajafunga mkanda, dada anamsubiri. Akasema, "Bibi yangu alikuwa anaitwa..." akataja jina. Jina sitaliweka hapa, ni lake. Akasema hilo ndilo alilokuja nalo, lile la Kiislamu alipewa Ujiji. Akasema alikuwa na dada yake mdogo, walitenganishwa ufukweni siku ile ile waliyoshushwa kwenye mtumbwi na hawakuonana tena, na jina la huyo mdogo pia analijua. Nilikuwa sina karatasi nikaandika nyuma ya risiti ya maji. Mwanangu akauliza, bibi mbona hukusema siku zote? Mama akamjibu hakuna aliyeniuliza, halafu akasema hapana, mimi ndiye nilikuwa sitaki kuulizwa.

Jioni tukarudi Mount Pleasant, kando ya barabara kuu ya 17 kuna vibanda vya kina mama wanasuka vikapu vya majani, ni Wagullah. Mama akashuka bila kuambiwa na goti lake. Wanasuka kwa kuzungusha kamba ya majani na kuishona, na kutobolea wanatumia mpini wa kijiko uliochongwa. Mama akaomba akishike. Yule mama wa Kigullah akampa kikapu kilichoanzwa, mama akatoboa akapitisha, akavuta, akarudisha mara tatu bila kukosea, maana kwetu alifundishwa kusuka akiwa binti ingawa yeye alizoea kutumia sindano nene. Wakaangaliana. Kikapu ni ghali sana ila dada alinunua kimoja kidogo cha kukaa kwenye kiganja. Sasa hivi kiko chumbani kwa mama, ile risiti imo ndani.

Mzee wa Kwihara shikamoo. Mama anauliza lini unaweza kufika Ujiji. Anasema anapakumbuka mahali bibi yake alipokuwa anachota maji na kuna mama wengine wawili wa rika lake amekwisha ongea nao, wamekubali kukaa na wewe, ila kasema uje na daftari kubwa na usije na mtu wa kupiga picha.

---

Mzee wa Kwihara:

Marahaba binti. Mwambie mama nakuja na treni wiki ijayo, Mungu akipenda. Daftari nimeshanunua.